Mikasa ya kweli au mjengoni: kipi kikae kwenye runinga yako jioni?

Nyumbani kwetu Kireka, nje kidogo ya Kampala, ubishi huanza saa tatu usiku, habari zikishakwisha na sahani zikishaondolewa. Mama anataka mikasa: mke aliyetoweka, mume anayelia mbele ya kamera, wapelelezi wanaookota unywele mmoja zuliani. Mdogo wangu wa kike anataka mjengoni, vijana waliofungiwa nyumba moja wagombane, wapendane, kisha wapigiwe kura watoke mmoja mmoja. King'amuzi nalipia mimi, yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, nanunua mimi, na kwa miaka sasa nimekuwa nikikereka na vyote viwili kwa zamu. Leo nimechoshwa na muziki wa kutisha unaonionyesha muuaji kabla ya ushahidi. Kesho nimechoshwa na ugomvi wa kijiko uliovutwa siku tatu.

Hata hivyo sijaacha kutazama, na najua hatuko wachache. Marafiki wa Jinja, Bombo na Busia huniuliza swali hilihilo wanapotaka kulipia kifurushi au kununua bando la wikendi: kwa saa hizi mbili za jioni, nichague kipi? Kwa hiyo nimeviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu. Sitatangaza mshindi, kwa sababu jibu la mama yangu si jibu la mdogo wangu, na wote wawili wana hoja.

Vipimo nilivyotumia

Nimevipima kwa maswali matano, yaleyale pande zote mbili. Kinachoitwa kweli ni kweli kwa kiasi gani? Watu wanaoonekana humo waliridhia, na wanabaki na nini kamera zikishaondoka? Kinakula muda na bando kiasi gani? Kinafaa kutazamwa na nani sebuleni? Hili halikwepeki, maana kwetu runinga moja hutazamwa na bibi, watoto, na jirani ambaye yuniti zake zimekwisha. Na kikishamalizika, kinakuacha na nini kichwani unapokwenda kulala?

Swali la pili ndilo zito zaidi kwangu, nalisema mapema ili ujue ninapoegemea. Kama kwako bando ndilo jambo kubwa, una haki, nenda moja kwa moja kwenye sehemu hiyo.

Upande wa kwanza: mikasa ya uhalifu wa kweli

Wengi wetu Kampala ladha ya mikasa tuliionja kwanza kwa Kiluganda, kwenye Agataliiko Nfuufu ya Bukedde TV, habari zinazosimuliwa kwa lugha ya mtaani na kuwafikia watu ambao taarifa za Kiingereza haziwafikii. Vipindi vya nje viko vya namna mbili. Kuna vifupi, kesi moja kwa kipindi kimoja, kama Forensic Files iliyoanza 1996 na kumaliza mambo yake ndani ya nusu saa. Na kuna virefu, kesi moja kwa saa nyingi, kama Making a Murderer ya Netflix yenye sehemu 10 katika msimu wake wa kwanza wa Desemba 2015, au Devilsdorp ya Afrika Kusini ya mwaka 2021, sehemu nne kuhusu mauaji ya watu 11 mjini Krugersdorp.

*Ukweli wake.* Baba yangu alikuwa askari wa upelelezi, nami nimekulia kambi ya polisi Nsambya, mahali ambapo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kigishu, Kilugbara na Kinubi. Upelelezi niliouona pale ulikuwa makaratasi na kungoja. Jalada linangoja ripoti ya daktari kutoka mochwari ya Mulago. Ripoti ikija, shahidi amehamia Karamoja. Shahidi akipatikana, kesi imeahirishwa. Runinga hukata kungoja kote huku, na hapo ndipo kero yangu ya kwanza inapozaliwa: mtu akishazoea kesi zinazokwisha ndani ya dakika 45, akienda kituo cha polisi kuandikisha maelezo ya wizi wa pikipiki yake huona kila askari anayemwambia asubiri ni mvivu au amehongwa. Wako wa hivyo, na baba hakuwahi kuwatetea. Lakini kuna kungoja ambako ndiyo kazi yenyewe.

Kero ya pili ni uhariri. Mfano unaonikaa moyoni ni The Jinx, mfululizo wa HBO wa mwaka 2015 kuhusu tajiri wa New York aliyeshukiwa kwa mauaji, Robert Durst. Sehemu ya mwisho ilimalizika kwa sauti yake akiwa msalani huku maikrofoni ikiwa bado imewashwa, akitamka maneno yaliyosikika kama anakiri kwamba amewaua wote. Alikamatwa Machi 14, 2015, siku moja kabla sehemu hiyo haijarushwa. Miaka minne baadaye, maandishi ya sauti ile yalipofika mahakamani, ikajulikana kuwa sentensi zilikuwa zimepangwa upya: zile mbili zilizofuatana kwenye runinga hazikufuatana pale alipozisema. Durst alitiwa hatiani mwaka 2021 kwa ushahidi uliopimwa mahakamani, kwa hiyo sisemi alionewa. Kinachoniuma ni kwamba niliketi pale nikiamini namsikia mtu anavyosema, kumbe namsikia alivyopangwa.

Vile virefu vina tatizo lao la pekee: kuficha. Jambo ambalo wapelelezi walilijua siku ya kwanza, wewe unaambiwa sehemu ya sita, ili usilale. Baada ya Making a Murderer kuonyeshwa, watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi kwa Ikulu ya Marekani wafungwa wawili wa kesi hiyo wasamehewe. Januari 2016 Ikulu ikajibu kwamba rais hana mamlaka ya kusamehe hatia iliyotolewa na mahakama ya jimbo, na mwendesha mashtaka wa kesi ile akalalamika kuwa ushahidi muhimu wa upande wake uliachwa nje. Watu wengi walikuwa na uhakika mkubwa juu ya kesi ambayo walikuwa wameiona kwa jicho moja.

Haki itendeke kwa upande huu pia. Filamu ya The Thin Blue Line ya mwaka 1988 ilichunguza upya kesi ya Randall Dale Adams, aliyehukumiwa kifo Texas kwa mauaji ya askari polisi ya mwaka 1976. Mwaka uliofuata, 1989, Adams alitoka gerezani akiwa huru. Hakuna kipindi cha mjengoni kitakachowahi kumtoa mtu gerezani.

*Watu waliomo.* Hapa ndipo mikasa inaponishinda. Marehemu hakuulizwa. Mara nyingi ndugu zake pia hawakuulizwa. Netflix ilipotoa mfululizo wa kuigiza kuhusu Jeffrey Dahmer, muuaji wa watu wengi Marekani, mwaka 2022, dada wa mmoja wa waliouawa alisema hakuna aliyemtafuta kabla ya siku yake ya machozi mahakamani kuigizwa na mtu mwingine, hadi nguo alizovaa. Na kamera zenyewe zinaweza kuwa sehemu ya tukio. Mei 16, 2010, polisi wa Detroit walivamia nyumba usiku wakifuatana na wapiga picha wa The First 48, kipindi cha mikasa, na mtoto wa kike wa miaka 7 akauawa kwa risasi ya askari. Wengi waliuliza kama uvamizi ule ungefanyika kwa mtindo ule iwapo kamera zisingekuwepo.

Sisi tunalijua jambo hili bila kufika Detroit. Mwaka 2008 mama mmoja jirani yetu alipoteza kijana wake wa kiume. Kabla hajaruhusiwa kumwona mochwari, alimwona kwenye runinga ya duka la mtaani, alikokwenda kununua sukari. Kituo kilichorusha picha ile sikitaji, na hakikurudi kumpa pole. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya Uganda ya 1995 inalinda faragha ya mtu, na ya 28 inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Nikitazama mikasa najaribu kuziweka ibara hizo mbili kando yangu: huyu wanayemwonyesha na pingu, ameshahukumiwa au ndiyo kwanza amekamatwa?

Kuna jambo jingine ambalo vipindi hivi havilifikii. Vingi hukoma hukumu ikisomwa. Kwa Waacholi, hukumu haitoshi. Kuna mato oput, pale ambapo koo mbili, baada ya ukweli kusemwa na fidia kulipwa, hunywa pamoja kinywaji kichungu cha mzizi wa mti wa oput ili waweze tena kuoleana na kulima jirani. Familia ya aliyeuawa na ya aliyeua zinaishije miaka kumi baadaye? Ningelipia king'amuzi mara mbili kupata kipindi kinachokaa na swali hilo.

*Muda na bando.* Hapa mikasa mifupi inafanya vizuri. Kesi inaanza na kuisha. Umeme ukikatika katikati, umepoteza kesi moja tu. Virefu vinakuvuta hadi saa nane usiku, kwa sababu kila sehemu hukatwa pale ambapo huwezi kuvumilia. Kama unatazama kwa simu, chunguza mpangilio wa picha kabla ya kuanza: kwa makadirio ya Netflix wenyewe, kiwango cha chini hula kama GB 0.3 kwa saa, na picha kali ya HD hufika GB 3. Mfululizo wa saa 10 kwa HD ni kama GB 30, na tangu Julai 2021, kodi ya OTT, ile ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa, ndani ya bei ya kila bando umo ushuru wa asilimia 12.

*Sebuleni.* Watoto wasiwepo, hata pale ambapo damu haionyeshwi. Sauti ya simu ya mama anayeomba msaada humkaa mtoto kuliko picha. Lugha nayo ni kikwazo: Kiingereza cha wapelelezi wa Marekani ni cha haraka na cha puani, maandishi ya Kiswahili ni nadra, na mavijei wetu, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda vya video, hupendelea filamu za ngumi. Bibi akiwepo, mimi ndiye mkalimani, na kesi ya mauaji iliyotafsiriwa na mjukuu huku akikatizwa na maswali huwa imepoteza nusu ya nguvu yake.

*Unachobaki nacho.* Mtafiti George Gerbner alifundisha kwa miaka mingi kwamba mtu anayetazama ukatili mwingi kwenye runinga huanza kuiona dunia kuwa ya hatari kuliko ilivyo. Mama yangu ni shahidi: baada ya wiki ya mikasa hukagua komeo mara tatu. Lakini utafiti wa Vicary na Fraley wa mwaka 2010, uliokuta kuwa wanawake huvutiwa na mikasa kuliko wanaume, ulihusisha mvuto huo na kujifunza jinsi ya kujiokoa. Hilo pia nimeliona nyumbani. Ni Mama aliyemzoesha mdogo wangu kumtumia namba ya boda kabla ya kupanda usiku, na alilitoa huko huko kwenye vipindi vyake.

*Kinamfaa nani.* Mtu mzima anayetazama peke yake au na mwenzake, anayependa kufikiri, mwenye subira ya kusoma hukumu halisi kipindi kikishaisha, na asiye na jeraha bichi la kufiwa.

Upande wa pili: mjengoni na ndugu zake

Neno riyaliti, yaani vipindi vinavyodai kuonyesha maisha halisi, linabeba vitu vingi mno. Kuna nyumba ya kamera, Big Brother, iliyozaliwa Uholanzi mwaka 1999 na kufika kwetu kama Big Brother Africa mwaka 2003. Kuna mashindano ya vipaji, na Afrika Mashariki hakuna asiyekumbuka Tusker Project Fame iliyoanza 2006 na msimu wake wa mwisho kuwa 2013. Na kuna maisha ya matajiri, kama Young, Famous & African iliyoanza Machi 2022, ambamo Waganda tunamwona Zari, binti wa Jinja, sebule moja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Mtu akisema anachukia riyaliti, mwulize kwanza ni ipi.

*Ukweli wake.* Kero kubwa ya watazamaji ni kwamba "halisi" si halisi. Ni kweli, na inasaidia kujua namna inavyofanyika. Kamera nyingi hurekodi siku nzima, kisha mhariri anatoa saa moja. Mshiriki akicheka siku ya Jumatatu, kicheko chake kinaweza kuwekwa baada ya mwenzake kulia Alhamisi, na papo hapo amekuwa mtu asiye na huruma. Maneno hushonwa: nusu ya sentensi ya jana na nusu ya leo. Kipimo rahisi ninachotumia ni kutazama mdomo. Ukisikia sauti ya mshiriki inaendelea huku picha imehamia kwa mtu mwingine, au kwenye dirisha, sentensi hiyo ichukulie kwa tahadhari. Yale mahojiano ya mtu mmoja mbele ya pazia, anapoeleza alivyojisikia, mara nyingi hurekodiwa baadaye, tukio likishajulikana limeishia wapi.

Nyumba ya kamera ilikuwa na uaminifu mmoja ambao mikasa haina: enzi za Big Brother Africa, mwenye DStv aliweza kutazama saa 24 na kujipimia mwenyewe. Aliyetazama muhtasari wa jioni aliona mchezo mmoja, aliyekesha na kamera aliona mwingine. Kura ni za watazamaji, lakini mtazamaji humpigia kura anayemwona, na anayeonekana huamuliwa chumba cha uhariri. Mshiriki mpole anayefua nguo na kusali hana nafasi hapo, na hili hunikera kuliko hata ugomvi wa kutengenezwa, maana ndivyo tulivyo wengi majumbani.

Kwenye vipaji ukweli ni mwingi zaidi. Mtu akiimba chini ya ufunguo, hakuna mhariri atakayemwokoa mbele ya Ian Mbugua, jaji wa Tusker Project Fame. Kilichokuzwa ni hadithi za pembeni, umaskini wa mshiriki na machozi ya mama yake. Sauti ni yake.

*Watu waliomo.* Tofauti na marehemu wa mikasa, hawa walijaza fomu na kutia saini. Wengine wamefaidika sana. Mtanzania Richard Bezuidenhout alishinda dola 100,000 mwaka 2007, na mwenzake Idris Sultan dola 300,000 mwaka 2014. Gaetano Kagwa wetu hakushinda mwaka 2003, lakini alitoka mjengoni akiwa mtu wa kujulikana bara zima, akaendelea na redio na kuwa mtangazaji wa Tusker Project Fame. Esther Nabaasa na Davis Ntare, Waganda wote wawili, walishinda shindano hilo mwaka 2008 na 2010.

Saini lakini haimalizi swali. Nchini Uingereza, baada ya washiriki wawili wa zamani wa Love Island, kipindi cha kutafuta wapenzi, kufariki mwaka 2018 na 2019, kituo cha ITV kilitangaza taratibu mpya za kuwatunza washiriki kabla na baada ya kipindi. Mei 2019 kilifuta kabisa The Jeremy Kyle Show baada ya kifo cha mtu aliyekuwa mgeni humo. Marekani nako, Desemba 2024, maofisa wa bodi ya mahusiano ya kazi walifungua shauri wakidai kwamba washiriki wa Love Is Blind ni wafanyakazi wanaostahili haki za wafanyakazi. Hayo ni maswali ambayo sisi bado hatujayauliza kwa sauti. Na wazazi wa mshiriki hawakutia saini popote. Mwaka 2003 Bunge la Malawi lilipiga marufuku matangazo ya Big Brother Africa kwa sababu ya maadili, na mahakama ikaondoa marufuku hayo. Mimi si mtu wa marufuku. Ila humfikiria mama wa kijijini anayeulizwa kanisani kuhusu alichofanya binti yake usiku wa Ijumaa, na mama huyo hana wiki ya kutoka mjengoni.

*Muda na bando.* Huku ndiko gharama iliko. Msimu ule wa kwanza wa Big Brother Africa ulichukua siku 106. Kipindi ni cha kila siku, na ukikosa siku mbili unajiona umeachwa nyuma na kila mtu ofisini, kwa hiyo unarudi hata ukiwa hukipendi tena. Ndani ya kipindi chenyewe kuna maji mengi: kabla ya matangazo unaonyeshwa kitakachokuja, baada ya matangazo unaonyeshwa kilichopita. Ongeza kura. Msimu mmoja mdogo wangu alimaliza muda wake wote wa maongezi kumpigia kura msichana wa Mbarara, kisha asubuhi akakosa hata wa kunipigia simu kwamba amefika kazini. Mashindano ya vipaji ya mara moja kwa wiki hayabani hivyo.

*Sebuleni.* Nyumba ya kamera ni mtihani. Kuna pombe, kuna shuka zinazotikisika, na katika familia ambamo mkwe hawezi kukaa mkabala na mama mkwe wake, mtu hubaki akitafuta rimoti kwa kupapasa. Vijana wetu waliozoea kutazama na wazazi huishia kuhamia kwenye simu zao chumbani, na hapo umepoteza hata ile nafasi ya kuuliza wanaelewa nini. Vipaji, kinyume chake, ndivyo vilivyotukusanya. Enzi za Project Fame bibi aliimba pamoja na washiriki nyimbo ambazo hakujua maneno yake, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Maisha ya matajiri yako katikati: hayana aibu nyingi, ila watoto huanza kuuliza kwa nini gari letu ni taxi.

*Unachobaki nacho.* Mazungumzo. Hilo si dogo. Mdogo wangu na wenzake wa saluni humjadili mshiriki aliyedanganywa na mpenzi wake, na ndani ya mjadala huo wanasema mambo ambayo kamwe wasingeyasema kuhusu wapenzi wao wenyewe. Nimewahi kusikia pale ushauri bora kuhusu ndoa kuliko niliousikia kwenye harusi. Upande wa hasara ni kulinganisha. Ukishatazama msimu mzima wa majumba, mikoba na safari za ndege, unaitazama sebule yako yenye zulia la plastiki na kuona umechelewa maishani, na wale hawakuonyeshi bili zao.

*Kinamfaa nani.* Mwenye marafiki wa kujadiliana nao, asiye na haraka, anayejua kutofautisha mtu na sura aliyopewa na mhariri. Kwa familia yenye umri mchanganyiko, ni vipaji tu ninavyoweza kuvipendekeza kwa moyo mweupe.

Vile vinavyokaa katikati

Kuna vipindi vya kamera inayofuata polisi doria. Vina kero za pande zote mbili: mtu hakuridhia kama kwenye mikasa, na anafanywa kichekesho kama mjengoni. Cops ilianza Marekani mwaka 1989 ikiwa na onyo kwamba wote wanaoonyeshwa hawana hatia mpaka mahakama iseme, kisha wakawaonyesha wakiwa vifua wazi, wamelewa, wamelazwa kifudifudi kwenye lami. Paramount Network iliifuta Juni 2020 baada ya George Floyd kuuawa na polisi, ingawa ilirudi kwingine mwaka uliofuata. Nimekaa kambini vya kutosha kujua kwamba usiku mbaya kuliko yote wa maisha ya mtu haupaswi kuwa burudani yangu. Hivi sivipendekezi kwa mtu yeyote, na hapo ndipo pekee ninapokata shauri kwa niaba ya msomaji.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Una saa moja tu na bando dogo: chagua mkasa mfupi wa kesi moja, picha iwe ya kiwango cha chini, na usianze mfululizo mrefu siku ya kazi.

Una watoto wa shule ya msingi sebuleni: shindano la vipaji, au uzime. Mikasa ihamishie saa nne baada ya wao kulala, na sauti uipunguze, maana kuta zetu ni nyembamba.

Una kijana wa miaka 16 au 17 na unataka kuzungumza naye: mshangao wangu ni kwamba riyaliti inafaa kuliko mikasa, mradi mtazame wote. Mwulize nani amehaririwa vibaya leo, na kwa nini anadhani hivyo. Atakujibu kwa kirefu.

Unafikiria kusomea sheria au kazi ya polisi: mkasa mrefu, lakini utazame kama mwanafunzi. Andika karatasini kila unaloambiwa pamoja na sehemu ulipoambiwa, kisha jiulize upande wa pili wa kesi ulipewa dakika ngapi. Baba alinifundisha zoezi hilo, na limeniharibia vipindi vingi ambavyo vilistahili kuharibika.

Unaishi peke yako na unalala kwa shida: acha mikasa kwa mwezi mmoja. Mjengoni patakuchosha, ila hapatakutoa kitandani kwenda kukagua mlango.

Mwezi umekuwa mgumu kwa fedha na unajiona umebaki nyuma: epuka maisha ya matajiri. Hata mkasa wa miaka ya tisini utakutendea wema kuliko nyumba yenye mabwawa mawili ya kuogelea.

Mmegawanyika kama sisi: gawaneni siku. Kwetu Mama ana Jumanne na Alhamisi, mdogo wangu ana Ijumaa na Jumapili, siku nyingine ni za mpira au za kuzima. Ugomvi ulipungua tangu tulipobandika ratiba ukutani.

Na kama kati ya wanaotazama yuko aliyefiwa kwa mkono wa mtu, usimsubiri aombe. Jirani yetu yule bado huja kwetu jioni ambazo Yaka yake imekwisha. Hata ikiwa ni Alhamisi, Mama akisikia lango, huchukua rimoti na kuhamia kwenye nyimbo kabla hajaingia.